Rika la Darasani: Wahitimu Wanaporudi Tarime na Familia Zao

Desturi ya watu waliosoma pamoja kukutana tena baada ya miaka kumi, ishirini au thelathini, wakirudi katika shule au chuo chao mwishoni mwa juma wakiwa na wenzi wao wa ndoa na watoto, imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania, na mara nyingi huelezwa kuwa ni mtindo ulioletwa na watu wa mijini kutoka Ulaya na Marekani. Maelezo hayo yana ukweli kiasi, lakini katika mji wa Tarime, mkoani Mara, ambako kata ya Bomani na jirani zake zimezoea kupokea wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi, hayatoshi. Jamii za mkoa huo zilikuwa na taasisi ya rika, yaani kundi la watu wanaounganishwa na umri na tukio moja la maisha, muda mrefu kabla ya shule ya kwanza kujengwa, na mtu anayetaka kuelewa kwa nini baadhi ya mikutano ya wahitimu hudumu na mingine hufa baada ya picha za siku ya kwanza atafaidika akianzia huko.

Miongoni mwa Wakurya, wanaoishi Tarime, sehemu ya wilaya ya Serengeti na ng'ambo ya mpaka wa Sirari katika kaunti ya Migori nchini Kenya, waliopita jandoni katika msimu mmoja huunda kundi liitwalo esaro, na kundi hilo hupewa jina ambalo wanachama wake hulibeba hadi kufa. Msimu wenyewe, ambao kwa kawaida huangukia mwezi wa Desemba, hauamuliwi na mzazi mmoja mmoja bali na wazee wa mila wa kila ukoo, ambao baraza lao huitwa inchama, na iko miaka inayopita bila tohara kwa sababu wazee wameona haifai. Pamoja na esaro upo mpangilio mwingine mpana zaidi, wa vizazi vinavyoitwa amakora, ambao mtu huingia kwa kuzaliwa, akifuata kizazi cha baba yake. Mwanaanthropolojia Malcolm Ruel aliuchambua katika maandishi aliyoyachapisha mwaka 1962. Kwa mada hii, hata hivyo, esaro ndiyo yenye uzito, kwa kuwa inafanana na darasa: watu wasiochaguana, walioingia pamoja, wakaumia pamoja na kutoka pamoja, na ambao baada ya hapo wana haki ya kutaniana, kudaiana na kualikana, huku mtoto wa mmoja wao akihesabiwa kuwa mtoto wa wote.

Kinachoidumisha esaro si kumbukumbu bali ni wajibu. Mtu haulizwi kama bado anawakumbuka wenzake. Anaulizwa alikuwa wapi siku ya msiba. Mikutano mingi ya wahitimu hukosea hapo hapo, kwa kuwa hujengwa juu ya hamu ya kukumbuka, na hamu hiyo huisha haraka mno, pengine kabla hata mahema hayajakunjwa.

Hata hivyo rika la darasani lina sifa moja ambayo rika la jandoni halina, nayo ni kwamba huwakusanya watu wasiokuwa na ukoo, lugha ya nyumbani wala ardhi ya pamoja. Kwa miongo mingi Serikali ya Tanzania ilikuwa na utaratibu wa kuwachagulia wanafunzi wa sekondari na vyuo nafasi nje ya mikoa yao, kisha kuwapangia wahitimu kazi popote zilipo, hivyo kijana wa Kagera au Singida aliweza kujikuta katika Shule ya Sekondari Tarime au Chuo cha Ualimu Tarime, akitetemeka kwa baridi ya nyanda za juu ambayo hakuwahi kuambiwa kuwa ipo karibu na Ziwa Victoria. Walimu waliotoka katika chuo hicho walitawanywa nchi nzima, na kwa sababu hiyo mkutano wa wahitimu wa Tarime ni kazi ngumu kuliko mkutano wa wanakijiji: washiriki wanatoka mbali, wengine wakisafiri kutwa nzima kwa basi hadi Mwanza, na kutoka huko wakipita Bunda na kulivuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara ndipo waanze kupanda kuelekea Tarime.

Mkoa wa Mara wenyewe una nafasi ya pekee katika historia ya madarasa ya Tanzania. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kupitisha maamuzi yanayojulikana kama Azimio la Musoma, ambayo yalikuwa na sehemu mbili zenye matokeo makubwa. Sehemu ya kwanza ilitaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977, badala ya 1989 kama ilivyopangwa awali, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kwa njia ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea vijijini. Sehemu ya pili ilielekeza kwamba mtu aliyemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili na kupata pendekezo la mwajiri wake. Masharti hayo yalilegezwa baadaye, lakini kwa miaka kadhaa vyuo vilijaa watu wazima, wengi wao wakiwa tayari na wake, waume na watoto waliowaacha nyumbani. Kwa hiyo wahitimu wa kipindi hicho wanapokutana leo wakiwa na familia zao, familia hizo si nyongeza ya sherehe: ziliyalipia masomo hayo kwa kubaki bila baba au mama kwa miaka mitatu.

Mfano mwingine wa rika lililoundwa na dola ni Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963. Vijana waliolitumikia kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurudishwa mwaka 2013, hutambuana kwa jina la operesheni yao, yaani jina linalopewa kundi zima lililoingia kambini katika mwaka fulani. Watu wawili wenye mvi wanapogundua kuwa walikuwa operesheni moja, katika kambi ya Rwamkoma huko Butiama au kwingineko, mazungumzo hubadilika mara moja, na heshima ya vyeo hupungua. Dola ndiyo iliyotoa majina hayo, lakini wananchi wakayageuza kuwa esaro.

Kwamba urafiki wa chuoni unaweza kufanya kazi kubwa kuliko kukumbushana utundu wa bwenini, historia ya Mara inathibitisha. Julius Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 na kuendelea Tabora, alipofika Makerere mwaka 1943 alishirikiana na wanafunzi wenzake, wakiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, kuanzisha chama cha ustawi wa Watanganyika waliokuwa chuoni hapo, na uhusiano wa aina hiyo ulikuwa miongoni mwa mizizi ya harakati zilizozaa TANU tarehe 7 Julai 1954. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, nacho kina Baraza la Masajili, chombo rasmi kinachowaunganisha wahitimu wake. Huko Marekani, ambako mkutano wa wahitimu umekuwa taasisi yenye ofisi na bajeti, Chuo Kikuu cha Princeton huwa na maandamano ya kila mwaka ambamo darasa linaloadhimisha miaka 25 hutangulia, likifuatwa na wahitimu wazee kuliko wote, kisha madarasa mengine kwa mpangilio wa miaka, wengi wakiwa na watoto wao. Mzee wa Tarime akiyaona maandamano hayo hatahitaji mkalimani.

Maandalizi ya mkutano wa wahitimu wa mwishoni mwa juma siku hizi huanza katika simu. Kundi la WhatsApp hufunguliwa na mtu mmoja mwenye moyo, majina huongezwa moja moja, na ugumu wa kwanza hujitokeza kwa wanawake, ambao wengi wao wamebadili majina baada ya kuolewa na hawapatikani kwa jina lililokuwa kwenye daftari la mahudhurio. Ugumu wa pili ni tarehe. Desemba inaonekana kufaa kwa kuwa watu wana likizo, lakini kwa Tarime ndio mwezi wa tohara, ambapo barabara na nyumba hujaa shughuli nyingine, na mwenyeji atakayekuwa na kijana jandoni hawezi kuwa na nafasi ya wageni. Likizo ya katikati ya mwaka inafaa zaidi: mabweni huwa matupu, wenye watoto shuleni huwa huru, na makundi ya nyumbu katika hifadhi ya Serengeti huwa yanaelekea kaskazini, karibu na Mto Mara, jambo ambalo humshawishi hata mtoto asiyejali kabisa mahali alikosoma baba yake.

Ugumu wa tatu ni mchango. Huduma za fedha kwa simu, zilizoingia Tanzania kupitia M-Pesa mwaka 2008, zimerahisisha ukusanyaji, lakini zimeleta pia tabia ya kutangaza orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa, na orodha hiyo humfukuza aliyestaafu bila akiba au aliyepoteza kazi. Kamati yenye busara hutoza kiwango kidogo kinachogharimia chakula, huwaachia wenye uwezo waongeze kwa siri, na haiweki sare ya fulana kuwa sharti la kuingia. Rika linalomwona mwenzao hana nauli likanyamaza limekwisha kuwa klabu ya waliofanikiwa.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Asubuhi wahitimu hukusanyika uwanjani, mkuu wa shule au chuo huwakaribisha, na majina ya waliofariki husomwa. Sehemu hii haipaswi kuharakishwa. Kwa madarasa ya miaka ya 1980 na 1990 orodha ni ndefu, kwa kuwa UKIMWI, ambao wagonjwa wake wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, uliwaondoa watu wengi wakiwa katika umri wa kufanya kazi, wakiwamo walimu. Wajane na watoto wa marehemu wakialikwa na kukaa mbele, mkutano huwa umetimiza lililo kubwa kuliko yote. Baada ya hapo walimu wastaafu hutambulishwa, huchezwa mpira kati ya wazee na vijana, ambao kwa kawaida huona haya kufunga magoli mengi, na chakula cha mchana hutolewa: nyama choma, ugali, ndizi, na kwa wasioogopa uchungu, kichuri, kiungo cha Wakurya kinachotokana na majani yaliyomo tumboni mwa mnyama. Akipatikana mpiga litungu, ala ya nyuzi nane, hata wageni huinuka.

Wenzi wa ndoa mara nyingi ndio wanaosahaulika. Mume au mke wa mhitimu, ambaye wote humwita shemeji, huketi kwa saa nyingi akisikiliza vichekesho asivyovielewa, na watoto hubaki na simu zao. Dawa yake ni kuwapa kazi na nafasi: watoto watambulishwe kwa jina la mzazi na bweni alilolala, waonyeshwe dawati na jiko la zamani, waambiwe nani kati ya waliopo ni daktari, fundi au mkulima wanayeweza kumwendea wakikwama. Jumapili, baada ya ibada, familia zinaweza kwenda pamoja Butiama, penye kaburi la Nyerere na makumbusho yake, au Mugumu na kuingia Serengeti kupitia lango la Ikoma. Mtoto anayesafiri siku nzima katika gari moja na watoto wa wanafunzi wenzake wa mzazi wake hurudi nyumbani akiwa na ndugu wapya, na kuanzia hapo salamu hazipiti tena kwa wazazi peke yao.

Lipo kundi moja ambalo kwalo rika la darasani si ziada bali ni hitaji. Ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18 ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, lakini katika maeneo ya Tarime na Serengeti haujakoma, na kila msimu wapo wasichana wanaoukimbia na kupokelewa katika nyumba salama kama zile za Masanga na Mugumu. Msichana aliyekataa kukeketwa anaweza kunyimwa nafasi yake miongoni mwa wenzake wa umri mmoja, na shule humpa rika jingine. Iwapo darasa lake litamtafuta baada ya miaka ishirini, litamwalika na kumsindikiza katika arusi na msiba, litakuwa limemrudishia kitu halisi alichonyang'anywa.

Kuhusu fedha na sheria, maneno machache yanatosha. Umoja wa wahitimu unaokusanya michango unapaswa kuwa na katiba, akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na usajili kwa Msajili wa Vyama katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, chini ya Sheria ya Vyama vya Jamii, Sura ya 337. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, shule za serikali hazitegemei tena ada za wazazi, na mhitimu anayetaka kusaidia anaweza kuziba pengo dogo ambalo bajeti haikulifikia: paa la bwalo, vitabu, taa za bwenini. Asiulize atakachoandikiwa ukutani.

Msomaji anayetaka kuanzisha mkutano wa darasa lake asianzie ukumbini wala kwa mchapaji wa fulana. Aende kwa mkuu wa shule au chuo, aombe kuonyeshwa daftari la uandikishaji la mwaka wake, anakili majina yote, kisha aanze kuwatafuta wale ambao hakuna mtu aliyewataja kwenye kundi.