Ukipotea Lyamba, Usiufuate Mto

Swali limekuja tena. Safari hii linatoka kwa kijana anayejiandaa na wenzake kuteremka kutoka uwanda wa Ufipa hadi bonde la Rukwa, upande wa Kaoze, wakipita kwenye makorongo na kupiga picha. Ameandika kwa adabu, shikamoo imo, na orodha ya vifaa imo pia: simu janja mbili, pawabenki, viatu vya kukanyagia maji, kamba. Kisha mwishoni: "Mzee, tukipoteza njia si tunaufuata tu mto mpaka tutokee bondeni?"

Hapana. Nimelijibu swali hili kwa mdomo, nimelijibu kwa simu, nimelijibu mbele ya watu waliokuwa wakiitikia kwa kichwa na wiki iliyofuata wakaniuliza tena. Leo nalijibu kwa maandishi, na atakayeuliza tena nitamtumia makala haya bila salamu.

Imani yenyewe ina asili yake. Mtu aliyekulia Kilombero au Rufiji ameona kwa macho yake kwamba mto unakwenda kwa watu. Ukiufuata utakuta mtumbwi, shamba la mpunga, moshi, mtu. Huko ushauri ni mzuri na umeokoa wengi. Kosa ni kuubeba na kuuleta kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, ambako ni sawa na kumpa mgonjwa vidonge vya jirani kwa kuwa wote wawili walilalamika kichwa.

Ufipa imekaa kinyume. Vijiji vya juu viko uwandani, karibu na chemchemi mito inakoanzia. Vijiji vya chini, Kaoze ikiwa mojawapo, viko kwenye tambarare ya bonde, baada ya mito kutoka kwenye miamba na kumwaga mchanga wake. Kati ya watu wa juu na watu wa chini kuna genge. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Sumbawanga mjini ni juu ya mita 1,700, na milima ya Mbizi inapita 2,000. Karibu kilomita nzima ya wima, na mto unaimaliza ndani ya kilomita chache za mlalo. Hauimalizi polepole. Lyamba ni ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ardhi ilipokatika upande mmoja ukadidimia, na mto unaoshuka mahali pa namna hiyo hushuka kwa vipandio: mwamba dhaifu unaliwa, mgumu unabaki umesimama, maji yanaruka. Chini yake dimbwi, mbele yake mruko mwingine.

Kuna wanaonijibu kwamba maji lazima yafike bondeni, kwa hiyo na wao watafika. Maji yatafika, ndiyo. Maji hayana mifupa.

Tazama jinsi inavyotokea. Nusu saa ya kwanza ni raha: mchanga, kivuli, maji ya kifundoni, picha nzuri. Inakuja ngazi ya kwanza ya mwamba, mita mbili tu, umeinama kama kitelezi cha watoto. Unakaa, unateleza, unacheka, mwenzako anarekodi. Inakuja ya pili, mita nne, na dimbwi chini yake, mnaruka. Ya tatu unaisikia kabla hujaiona, na ukichungulia ukingoni unaona vichwa vya miti. Hapo ndipo mnaamua kurudi. Mnageuka na kukuta ule mwamba mlioteleza umelowa, umefunikwa ute wa kijani, hauna pa kuweka kidole, na dimbwi lililo chini yake ni refu kuliko mtu, kwa hiyo hakuna pa kusimama ili kumsukuma mwenzako juu. Kushuka hapo hakukuhitaji ustadi wowote. Kupanda kunahitaji kamba iliyokwisha kufungwa juu, na juu hakuna mtu.

Wanaoshuka makorongo kwa kazi wanalijua jambo hili kiasi kwamba wana nidhamu yake: kabla ya kuvuta kamba baada ya kuteremka, kikundi kizima kinasimama na kuulizana, maana kamba ikishatoka juu, hakuna kurudi. Anayefuata mto kwa kupotea anafanya hivyo hivyo mara tatu au nne, bila kamba na bila kuulizana.

Na usitegemee mto ukupe ishara. Uone Kalambo, mpakani mwetu na Zambia. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja, halafu yanakwenda korongoni hadi Ziwa Tanganyika. Juu ya maporomoko, lakini, mto huo ni mpole, unajipinda kwenye tambarare yenye unyevu. Ni tulivu kiasi kwamba udongo wake ulitunza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na watu wa kale. Timu ya mwanaakiolojia Larry Barham ilichapisha mwaka 2023 kwamba magogo hayo yana umri wa miaka 476,000 hivi. Huo ndio mto ambao mtu aliyepotea angeusifu kwamba unamtoa taratibu. Kutoka upole huo hadi ukingoni si mwendo wa siku.

Kuna na mvua. Kati ya Novemba na Aprili wingu linaweza kuangusha maji uwandani wakati wewe korongoni unaona anga ya buluu. Maji ya eneo kubwa huko juu yanakuja yote kwenye uchochoro uliomo wewe. Kenya wana korongo la Ol Njorowa ndani ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Aprili 2012 vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa hapo. Septemba 2019 mafuriko yakachukua watu saba tena, watalii pamoja na muongozaji. Hilo ni korongo la mbuga maarufu, lenye waongozaji na geti. Makorongo ya Lyamba hayana hata kibao.

Wakishindwa kwenye mto wanahamia kwenye simu. Simu, wanasema, ina ramani, na ramani ina mistari ya mwinuko, tutaliona genge kabla hatujalifikia. Sehemu kubwa ya mistari unayoiona kwenye programu za simu imechorwa na kompyuta kutokana na vipimo vya rada, vingi vikiwa vya chombo cha anga cha Marekani kilichozunguka dunia Februari 2000. Vipimo hivyo viligawa ardhi katika miraba ya mita 30 kwa 30, kila mraba namba moja ya kimo. Korongo lenye upana wa mita 10 halimo humo. Genge la wima linageuzwa mteremko wa kawaida, na pale rada isipofika, ndani ya makorongo yenyewe, namba zilijazwa kwa kukisia kutoka pembeni. Hata ramani ya karatasi iliyopimwa vizuri, ikiwa mistari yake iko kila mita 20, inaweza kuficha ukuta wa mita 18 katikati ya mistari miwili na isiwe imekosea chochote.

GPS nayo haihitaji bando. Narudia kwa sababu hili nalo naulizwa kila mara: inapokea mawimbi ya setilaiti, haitumii mtandao. Mtandao unaisaidia tu kuziona setilaiti upesi. Inachohitaji ni anga. Ndani ya korongo unaona utepe mwembamba wa anga, setilaiti chache, na mawimbi mengine yanakufikia baada ya kugonga ukuta, kwa hiyo simu inaamini uko mahali ambapo hupo. Uwandani inakosea mita tano hivi; humo inaweza kukuweka ukuta wa pili. Tena picha unazopiga humo zinaandikiwa lokesheni hiyo hiyo ya makosa, au lokesheni ya mwisho ambayo simu iliikumbuka kabla hujaingia. Halafu mtu ananionyesha picha zake kama ushahidi wa njia aliyopita.

Hapo tumefika kwenye picha, na nina neno nazo.

Kosa la njia katika safari hizi mara nyingi halifanyiki ndani ya korongo. Linafanyika juu, uwandani, ambako mabonde matatu manne yanaanza yakiwa jirani na yanafanana kama watoto wa mama mmoja. Ukiingia bonde lisilo lako, umekwisha kosea na mto haukuambii, kwa kuwa unaposhuka vijito vinaungana navyo havikuulizi kitu. Kinatokea kimoja kushoto, unakipita huku macho yako kwenye kioo cha simu. Siku ya kurudi, mahali pale pale ni njia panda: mikono miwili ya mto, yote ina maji, yote ina mawe, na wewe hukumbuki hata kama palikuwa na makutano. Mgongoni mwa mlima mambo ni kinyume: unaposhuka, migongo inagawanyika, na unapopanda inaungana kuelekea kileleni. Aliyeelewa sentensi hiyo moja ameelewa kwa nini aliyepotea apande mgongo asishuke mto. Wafugaji wanaopitisha ng'ombe hawakusoma popote, lakini tazama njia zao zinavyoshika migongo.

Picha zako mia mbili hazikusaidii kwa sababu zote zinatazama mbele, nyuso za wenzako na poromoko nyuma yao. Kurudi, utaona upande wa pili wa kila jiwe. Isitoshe, lenzi pana ya simu inasogeza mbali na kupunguza kila kilicho mbele. Ukuta wa mita 30 kwenye kioo unaonekana kama wa kuruka. Nimeona watu wazima wakijadili kushuka mahali kwa kutazama picha, wakati mahali penyewe pako hatua tatu mbele yao.

Picha zinakula na saa. Kila "subiri, moja tu" kwa watu sita ni dakika kumi. Jua la Sumbawanga linazama nusu saa hivi baada ya la Dar es Salaam, na mgeni anafurahi kwamba ana muda wa ziada. Hana. Lyamba inatazama kaskazini mashariki, jua la alasiri linakwenda nyuma ya uwanda, na korongo linaingia kivuli kuanzia saa 9 huku saa ya simu ikikuahidi mwanga hadi karibu saa 1 jioni. Ukitaka mwanga kwenye maporomoko ya upande wa Rukwa, nenda asubuhi. Kalambo inafunguka magharibi, subiri mchana ugeuke.

Sasa yale mliyotaka niyaseme kwanza, na nitayasema mbiombio.

Ukishuku umepotea, simama pale pale na uache kushuka. Usiruke wala usiteleze mahali ambapo huwezi kupapanda. Rudi hadi mahali pa mwisho unapopajua kwa hakika, hata kama ni saa mbili nyuma. Ukishindwa kupajua, toka mtoni upande mgongo ulio karibu. Juu utaona ziwa au uwanda, na simu ina nafasi ya kupata mnara. Piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Filimbi ivaliwe shingoni, isiwe ndani ya begi: milio sita kwa dakika, pumzika dakika, rudia, kando ya poromoko hakuna atakayekusikia, kwa hiyo piga ukiwa mgongoni. Giza likikukuta, lala palipo juu ya alama ya mafuriko, ile mistari ya majani makavu na vijiti iliyonasa kwenye miti.

Kabla ya kuondoka: pakua ramani ukiwa na mtandao, weka alama mahali utakapoingilia na pa kutokea, na pita kwa wenyeji wa juu na wa chini, maana anayejua bonde la uwandani si lazima ajue linakotokea. Simu moja ni ya picha, nyingine imezimwa na imefungwa kwenye mfuko usiopitisha maji. Kwenye kila makutano ya vijito geuka nyuma, piga picha moja ya ulikotoka, mtu mmoja asimame kwenye mkono sahihi akiunyooshea kidole. Hiyo ndiyo picha ya njia, na isikawie. Anayetazama kioo asitembee, na anayetembea asitazame kioo, hasa kinyumenyume. Kamba ya katani ya kufungia magunia si kamba ya kumbebea mtu. Msimu wa mvua korongoni usiingie kabisa. Anayetaka maporomoko tu bila misukosuko aende Kalambo na walinzi wa Wakala wa Huduma za Misitu, apige picha, arudi.

Na mtendaji wa kijiji unakoshukia aachiwe majina, idadi yenu, bonde mtakalopita na saa ambayo asipowaona aanze kuwatafuta. Mkifika salama mwambieni usiku huo huo, asije akawatoa watu vitandani na tochi wakati ninyi mnakula samaki.