Jua na Sayari Zake

Mtu asimamaye Chiwata asubuhi huliona jua likichomoza upande wa Mikindani na bahari, likapanda mpaka juu, kisha likashuka upande wa bara na kutua. Machoni pa watu jua ndilo liendalo, na nchi imetulia. Kwa muda wa maelfu ya miaka watu wa mataifa mengi waliamini hivyo, hata wenye elimu kubwa, wala si ajabu, maana hakuna ahisiye nchi ikienda chini ya nyayo zake. Lakini sivyo ilivyo. Dunia ni kama mpira mkubwa uzungukao kama pia, kutoka magharibi kwenda mashariki, na kila ikizunguka mara moja hupita mchana mmoja na usiku mmoja. Abiria aliyeketi ndani ya motokaa huona miti ikikimbilia nyuma, naye ajua ya kuwa miti haina miguu.

Tena dunia ina mwendo wa pili. Hulizunguka jua, na safari hiyo huimaliza kwa siku 365 na robo, ikienda yapata kilomita 30 kwa kila sekunde. Wala haiendi peke yake. Wako wenzake saba walizungukao jua vilevile, nao wote pamoja na dunia huitwa sayari. Walio karibu na jua ni Utaridi, kisha Zuhura, kisha dunia yetu, kisha Mirihi. Mbele yao wako wakubwa: Mushtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni. Sayari hazina nuru yao wenyewe. Hung'aa kwa nuru ya jua tu, kama ukuta uliopakwa chokaa ung'aavyo mchana.

Hesabu za mbingu ni kubwa mno, na mtu akiambiwa ya kuwa jua li mbali nasi kilomita milioni 150 husikia maneno matupu. Kama ingekuwako njia ya kwenda huko, na mtu akaenda kilomita tano kila saa, mchana na usiku bila kupumzika, safari yake ingechukua zaidi ya miaka 3,400. Basi ni heri kutazama vitu vidogo vilivyomo nyumbani.

Twaa ungo wenye upana wa nusu mita, uutundike mlangoni pa shule. Huo ndio jua. Sasa twaa punje ya mtama, uende hatua za mita moja moja, hatua 54, ukaiweke chini. Hiyo ndiyo dunia, pamoja na bahari zake zote, na milima yake, na watu wake. Mwezi ni punje moja ya ulezi, umewekwa sentimita 14 tu kutoka kwa mtama. Zuhura ni punje nyingine ya mtama, hatua 39 kutoka kwenye ungo, na Utaridi ni punje ndogo kwa hatua 21. Mirihi, yenye upana wa nusu ya dunia, iko hatua 82. Kisha njia ni tupu kabisa mpaka hatua 280, ndipo utakapoweka ndimu moja, nayo ni Mushtarii, sayari iliyo kubwa kuliko zote. Zohali, yenye pete nzuri zilizoizunguka, ni ndimu ndogo kidogo, iliyopita nusu kilomita. Neptuni utaiweka kilomita moja na nusu na zaidi, mahali ambapo ungo hauonekani tena. Mwaka mmoja wa Neptuni ni kama miaka 165 ya dunia, hata tangu ilipoonwa na kutambuliwa mara ya kwanza, mwaka 1846, imezunguka jua mara moja tu na kidogo.

Ulezi ule waweza kuuficha ungo, kwa kuwa ulezi u karibu na ungo u mbali. Ndivyo mwezi ufanyavyo jua likipatwa. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walikusanyika Rujewa, katika nchi ya Mbarali, wakaona mwezi umesimama katikati ya jua, ukabaki ukingo mwembamba wa moto kama pete. Waliotazama kwa akili walitumia miwani maalumu, kwa maana jua huunguza jicho kwa ndani bila maumivu, na jicho lililoungua hivyo huenda lisipone. Miwani ya kawaida ya jua haitoshi.

Zuhura nayo hupoteza watu wengi. Huonekana jioni upande wa magharibi, iking'aa kupita nyota zote. Kisha hutoweka, na baada ya muda huonekana alfajiri upande wa mashariki. Watu wa kale walidhani ni nyota mbili. Rudi kwenye punje zako za mtama uone. Mtu aliyesimama kwenye dunia, akitaka kuitazama Zuhura, hana budi kuelekeza uso upande wa ungo, kwa kuwa Zuhura iko ndani ya njia yetu. Usiku wa manane sisi tumelipa jua kisogo. Kwa hiyo hakuna mtu wa Chiwata aliyepata kuiona Zuhura saa sita ya usiku.

Liko na jambo jingine liwagusalo wakulima. Dunia haikusimama wima katika safari yake, bali imeinama, kadiri ya digrii 23 na nusu. Kwa ajili hiyo jua halipiti mahali pamoja mwaka mzima. Simika fimbo iliyonyoka, yenye urefu wa mita moja, uangalie kivuli chake adhuhuri kinapokuwa kifupi kabisa. Mwezi wa Juni kivuli hulala upande wa kusini, nacho hupata sentimita 67. Mwezi wa Desemba hulala upande wa kaskazini, sentimita 23 tu. Na karibu na tarehe 21 Oktoba, na tena karibu na tarehe 21 Februari, fimbo haina kivuli; jua liko utosini hasa.

Jua linaposogea kusini hivyo, nchi hupata moto sana, hewa yenye moto hupanda juu, na pepo zenye unyevu wa bahari huja kushika mahali pake. Ndiyo sababu mvua ya Masasi na Newala huanza Novemba au Desemba, nayo haiji Juni. Juu ya uwanda wa Wamakonde, ambako mchanga hunywa maji yote na mito hakuna, watu wa zamani walishuka mabondeni kutafuta maji, wakapanda nayo kichwani. Mzee aliyetazama kivuli cha nyumba yake kikipungua mwezi wa Oktoba alijua ya kuwa siku za kusafisha shamba zimebaki chache.