Fahamu: Kwa nini Makunduchi hupigana kwa migomba

Kila Julai huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanaume hutandikana kwa vigogo vya migomba. Ni sherehe ya Mwaka Kogwa: watu wa kusini na wa kaskazini ya mji humaliza vinyongo vya mwaka uliopita. Zamani zilitumika fimbo. Mgomba umejaa maji, hivyo hupasuka wenyewe kabla ya kuvunja mfupa. Kuacha fimbo kulikuwa uamuzi wa busara sana.

Makunduchi hulegeza silaha; Ulaya, mashindano ya mapigano ya kale yaitwayo Battle of the Nations, yaliyoanza 2010, hukinga mwili: deraya kamili ya chuma, panga butu, kuchoma kwa ncha marufuku, kupiga nyuma ya goti marufuku. Aliyeanguka hapigani tena katika raundi hiyo.

Msomaji, ukienda Makunduchi kutazama, mshike mtoto mkono, usisogelee wapiganaji.