Mbegu ya Ngano Iliyopigwa Mionzi

Mkulima, huenda umesikia kwamba ngano iitwayo Eldo Ngano 1 ina sumu kwa sababu mbegu zake za asili zilipigwa mionzi. Maneno hayo si kweli.

Mwaka 1998 huko Uganda ilionekana kutu mpya ya shina, Ug99. Huchukuliwa na upepo, na yaweza kumaliza shamba zima. Ngano nyingi za Kenya hazikuistahimili. Basi wataalamu wa Chepkoilel, ambapo leo ni Chuo Kikuu cha Eldoret, walipanda mbegu zilizopigwa mionzi ya gama huko Seibersdorf, Austria. Mionzi hiyo hupita tu, kama ile ya kupigia picha mifupa hospitalini. Haibaki ndani ya mbegu. Kinachobaki ni mabadiliko katika urithi wa mmea. Mimea mingi huharibika, lakini michache hupata nguvu mpya. Iliyoshinda kutu ilichaguliwa na kupandwa tena msimu baada ya msimu, hata mwaka 2014 mbegu ikatolewa kwa wakulima.

Lakini kutu nayo hubadilika. Kwa hiyo nunua mbegu iliyothibitishwa, na ukague mashina kila juma. Ukiona vidonda vyenye unga wa rangi ya matofali, mwite Bwana Shamba siku hiyo hiyo.