Msimu wa Kahawa na Mchango wa Matibabu

Mkulima wa kahawa wa Umatengo, katika milima ya Mbinga, hupata sehemu kubwa ya fedha zake katika miezi michache ya mavuno, chama chake cha msingi cha ushirika kinapomlipa malipo ya awali na, soko likiwa jema, nyongeza baadaye. Na fedha hizo hugawanyika upesi baina ya ada za shule, deni la mbolea, mabati na mahari, hata masika yanapoingia, mbu wakazidi na homa zikaanza kutembea nyumba kwa nyumba, mkoba huwa umekwisha kukauka. Huko chini ufukweni mwa ziwa, Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, hesabu ni nyingine: riziki ya mvuvi huja kwa usiku, naye hupata usipa kwa taa zake katika giza, akarejea mikono mitupu mwezi unapokuwa mpevu au ziwa linapochafuka.

Nimetanguliza habari hizi kwa kuwa wengi wetu, tunapozungumza juu ya gharama za matibabu, huuliza ni kiasi gani, ilhali swali lenye uzito zaidi katika nchi ya wakulima ni lini. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, mchango wa kaya ya watu sita uliwekwa kuwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Mwezi wa Agosti, mbele ya karani wa chama, fedha hizo si nyingi. Mwezi wa Februari, mbele ya mtoto mwenye degedege, hazipatikani kabisa.

Tazama basi yanayofuata. Mzazi asiyekuwa na akiba wala kadi ya mfuko humwendea mwenye fedha, naye humpa kitita leo kwa sharti la kulipwa kahawa wakati wa mavuno, kwa bei iliyo chini sana ya ile ya soko. Watu wa Mbinga huiita biashara hiyo magoma, na serikali imeipiga marufuku. Lakini marufuku haimponyi mtoto, na maadamu haja ipo, mnunuzi wa kahawa iliyo bado mtini hatakosekana. Kwa hiyo gharama halisi ya homa ile siyo iliyoandikwa katika stakabadhi ya hospitali, bali ni tofauti ya bei katika magunia ya msimu mzima, na mbolea ambayo mwaka ujao haitanunuliwa. Mwanauchumi wa Kimarekani Michael Grossman, mwaka 1972, aliieleza siha kuwa ni rasilimali ichakaayo na kuhitaji kuongezwa. Neno hilo halimpi taabu Mmatengo, ambaye wazee wake walichimba mashimo ya ngoro katika miteremko, wakizika majani chini ya udongo ili shamba lisichukuliwe na mvua ambayo haijanyesha bado.

Dhamana ya pamoja dhidi ya gharama za maradhi haikuanza jana. Matibabu ya bure yaliyoenea vijijini baada ya Azimio la Arusha yalianza kufikia kikomo mwaka 1993, serikali ilipoanza kuwatoza wagonjwa katika hospitali zake. Hospitali za misheni, kama Litembo kwa Wakatoliki na Liuli kwa Waanglikana, nazo zimetegemea kwa sehemu ada za wagonjwa. Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa Igunga mwaka 1996, ukapewa sheria mwaka 2001, na serikali ikaahidi kuongeza fedha juu ya michango kwa utaratibu uitwao tele kwa tele.

Ugonjwa wa mifuko ya hiari kama huo ni mmoja. Tuchukue mfano wa kaya 100, kila moja ikitoa 30,000: zitapatikana shilingi 3,000,000, na kama kaya 10 zitahitaji matibabu ya 200,000 kila moja, mfuko utalipa 2,000,000 na kubaki na ziada. Sasa wajiunge 30 tu, na wale 10 wamo, kwani mwenye maradhi ndiye wa kwanza kukumbuka kadi: zitapatikana 900,000, na deni ni lile lile. Hatari hii ni mojawapo ya sababu za Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kutaka kila mkaazi ajiunge.

Nami naona ya kwamba sheria peke yake haitaikusanya michango ya Mbinga isipofuata majira ya Mbinga. Chama cha msingi kiruhusiwe, kwa ridhaa ya mwanachama, kukata mchango siku ile ile ya malipo ya awali. Na mialoni mchango upokelewe kidogo kidogo, kwa simu, siku za samaki. Kinga ya kichocho, ambacho humpata mtoto anayeoga ziwani kwa sababu ya kinyesi au mkojo wa jirani ulioingia majini, ibaki juu ya hazina ya umma, kwa kuwa hakuna kaya inayoweza kujinunulia peke yake.

Fauka ya hayo, dawa ziwepo. Mkulima aliyekatwa fedha zake Agosti, akafika zahanati Februari na kuelekezwa duka la dawa, atarudi kwa mnunuzi wa magoma jioni ile ile, na mavuno yajayo hatatia saini tena.