Dalali wa Matangazo na Uhuru wa Kusema

Machi 2015 kampuni ya Google iliisimamishia matangazo Antiwar.com, tovuti ya Marekani inayopinga vita. Sababu iliyotolewa ni ukurasa wenye picha za wafungwa wa gereza la Abu Ghraib, Iraki, walioteswa na askari wa Marekani. Picha hizo zilikuwa zimeshaonekana duniani kote tangu 2004, zilipotolewa na televisheni ya CBS na jarida la The New Yorker, na askari kadhaa walifungwa kwa yaliyotendeka humo. Zilikuwa ushahidi. Lakini kanuni za matangazo zilikataza picha za ukatili, na ushahidi ukahesabiwa kuwa ukatili. Wahariri walikataa kuziondoa.

Hakuna sheria ya uhuru wa maoni iliyovunjwa hapo. Katiba ya Marekani inaizuia serikali kuwanyamazisha watu. Kampuni binafsi haiguswi. Wala ukurasa wenyewe haukufungwa. Kilichokatwa ni fedha, na chombo kidogo kisicho na fedha hakihitaji polisi ili kinyamaze.

Ili kuelewa nguvu hii, tazama kinachotokea unapofungua habari kwenye simu. Kabla ukurasa haujakamilika, nafasi ya tangazo iliyo juu yake imeshapigwa mnada. Upande mmoja yupo mwenye tovuti na programu inayoiuza nafasi yake. Upande wa pili wapo wenye bidhaa na programu inayowanunulia. Katikati yao ni soko la mnada. Google, iliyoinunua kampuni ya DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, ina mkono katika sehemu zote tatu. Ni kama dalali anayemwakilisha muuzaji, anayemwakilisha mnunuzi, na ambaye soko lenyewe ni lake. Dalali wa namna hiyo akikukataa, utakwenda kuuza wapi?

Mara nyingi hata hakuna mtu aliyeamua. Wenye bidhaa huweka orodha ya maneno wasiyotaka yakae karibu na tangazo lao, na mashine hutii. Mwaka 2020 wengi waliweka neno "coronavirus" katika orodha hizo. Habari za ugonjwa, zilizokuwa zikisomwa kuliko zote na zilizohitajika kuliko zote, zikakosa matangazo. Mwandishi wa vita, wa mauaji au wa ubakaji anaadhibiwa vivyo hivyo kila siku, bila barua wala maelezo.

Sisemi kwamba mwenye sabuni alazimishwe kulipia maneno ya chuki. Mwaka 2017, gazeti la The Times la London lilipoonyesha matangazo ya kampuni kubwa yakiwa kwenye video za wenye msimamo mkali YouTube, kampuni hizo zilijiondoa, na zilikuwa na haki. Fedha ni zao. Shida huanza pale uamuzi wa mnunuzi mmoja unapogeuka kanuni ya soko zima, kwa sababu soko lina mwenyewe mmoja.

Hilo mahakama imeshalithibitisha. Aprili 2025 Jaji Leonie Brinkema, huko Virginia, aliamua kuwa Google ilivunja sheria kwa kuhodhi soko la mnada pamoja na programu wanayoitegemea wenye tovuti. Septemba mwaka huohuo Umoja wa Ulaya uliitoza faini ya euro bilioni 2.95 kuhusu biashara hiyohiyo.

Kwetu mjadala wa uhuru wa habari huishia kwa serikali: leseni, faini, kufungiwa. Ni mjadala wa lazima, lakini ni nusu ya jambo. Tume ya Ushindani ya Tanzania na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya zilichunguze soko la matangazo ya mtandaoni, na zidai kwamba kila mhariri anayekatiwa mapato aelezwe kosa lake kwa maandishi na apewe nafasi ya kukata rufaa mbele ya binadamu.