Yai la Kifaransa halitaki moto mkali

Mazungumzo yetu ya wiki hii yanaingia jikoni, na nawaomba akina baba wasizime redio. Nataka tuzungumze juu ya yai. Sisemi yai la kukaanga, lile linalomiminwa kwenye mafuta ya moto likatoka na kingo za kahawia, wala la kuchemsha linalouzwa stendi kwa chumvi na pilipili. Nasema yai linalopikwa ndani ya kibakuli, chakula ambacho Wafaransa hukiita œufs en cocotte.

Cocotte ni chungu kidogo chenye mfuniko. Lakini mtoto wa Kifaransa akimwona kuku, naye humwita cocotte, kwa hiyo jina lenyewe lina kichekesho chake. Siku hizi wengi hutumia kibakuli cha kauri kinachostahimili moto, chenye nafasi ya yai moja au mawili. Si chakula cha jana. Auguste Escoffier, mpishi mashuhuri aliyechapisha kitabu chake Le Guide culinaire mwaka 1903, alikitengea mahali pake.

Basi, kuna ugumu gani katika kupika yai? Ugumu upo, msikilizaji, kwa sababu ndani ya ganda moja mna vitu viwili vyenye tabia mbalimbali. Ute huanza kuganda joto likifika kama nyuzi 62 za Sentigredi, lakini haushikani barabara mpaka joto likaribie 80. Kiini nacho huanza kuwa kizito kwenye nyuzi 65 hivi, na likifika 70 kimekwisha kushikana. Mpishi anataka kinyume chake: ute ushikane, kiini kibaki kizito na laini kama asali. Yaani kile anachotaka kiwahi ndicho kinachochelewa, na kile anachotaka kichelewe ndicho kinachowahi.

Kinachomwokoa ni kwamba kiini kimezungukwa na ute. Joto likija polepole kutoka nje, ute hulipata kwanza. Likija kwa kishindo, ute wa pembeni huwa mgumu kama mpira hali ule wa juu ungali maji. Ndiyo maana kibakuli hakiwekwi juu ya moto, bali ndani ya maji ya moto. Hata tanuri likiwa na nyuzi 180, maji hayo hayawezi kupita 100, kwa hiyo yanakuwa ngao ya yai.

Njia hii Wafaransa huiita bain-marie, yaani bafu la Maria. Kwa mapokeo, Maria huyo alikuwa mwanamke wa Kiyahudi aliyefanya kazi za alkemia huko Misri, na habari zake zimo katika maandishi ya Zosimos wa Panopolis, aliyeishi Misri yapata mwaka 300 baada ya Kristo. Kama mapokeo hayo ni ya kweli, mbinu tunayoihesabu kuwa ya Kizungu ilizaliwa katika bara letu hili.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Paka siagi ndani ya kibakuli, kisha nyunyiza chumvi na pilipili manga chini kabisa, kabla ya yai. Chumvi ikiangukia kiini huacha madoa meupe juu yake. Weka kijiko kimoja cha krimu iliyopashwa moto. Asiye na krimu achukue malai yaliyoenguliwa juu ya maziwa yaliyochemshwa, nami sioni kama amepungukiwa na kitu. Pasua yai kwenye kikombe kwanza ulikague, ndipo ulitelezeshe taratibu ndani ya kibakuli. Juu yake ongeza krimu kidogo. Panga vibakuli katika sinia lenye kina, mimina maji ya moto yafike nusu ya kimo chake, kisha weka kwenye tanuri la nyuzi 180 kwa dakika 8 hadi 10.

Najua wengi wetu hatuna tanuri. Sufuria pana yenye mfuniko inatosha, juu ya jiko la mkaa au la gesi. Tandika kitambaa chini ili vibakuli visigongwe na sufuria, weka maji hadi nusu ya kimo, na yawe yanatokota kwa upole tu. Funga mfuniko kwa kitambaa kikavu, ncha zake uzikunje juu mbali na moto, kitambaa kinywe mvuke usidondokee yai. Anza kuchungulia baada ya dakika 6. Kwa njia hii kiini hujivika utando mweupe mwembamba, na wala si kasoro.

Tikisa kibakuli kidogo. Ute ukiwa umeshikana huku kiini kikicheza, epua papo hapo. Usingoje lionekane limeiva kabisa, maana kauri ina joto lake, nayo huendelea kupika hata mezani.

Hapa lazima niseme jambo zito. Kiini laini hakikufikia joto la kuua vijidudu vya salmonela, ambavyo huweza kuwamo ndani ya yai tangu kwa kuku, hata ganda likiwa safi. Desemba 1988 naibu waziri wa afya wa Uingereza, Edwina Currie, alisema sehemu kubwa ya mayai ya nchi yake ina vijidudu hivyo. Biashara ya mayai ikaporomoka, naye akajiuzulu mwezi ule ule. Wafugaji wakaja kuchanja kuku wao, na mwaka 2017 mamlaka ya chakula huko iliruhusu hata wajawazito na watoto kula kiini laini, lakini kwa mayai yenye chapa ya simba tu. Trei lililoshinda juani mlangoni mwa duka halina chapa hiyo. Kulitia yai majini kuona kama linazama kunaonyesha umri wake, hakuonyeshi usalama wake. Kwa hiyo mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mgonjwa wapikiwe mpaka kiini kikauke. Ladha itapungua, lakini bado ni chakula kizuri kuliko la kuchemsha.

Wafaransa hula yai hili kwa vipande vya mkate uliobanikwa, vilivyokatwa virefu kama vidole, wakivichovya ndani ya kiini. Pia hutandaza spinachi chini ya yai. Mchicha wetu unafaa vile vile, ila ukishauchemsha uukamue sana, la sivyo yai litaogelea.